Daftari la Maji
Hotuba iliyosomwa Rusimbi mbele ya wanachama wa Chama Kikuu, siku ya kutimiza miaka kumi



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache katika siku hii ya furaha. Waliotangulia wamekwisha kueleza habari za mauzo, akiba, maghala na mikopo, nao wameeleza vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Basi tuliomba ruhusa ya Halmashauri yetu tuzungumze juu ya jambo lisiloandikwa katika hesabu za mwaka, ingawa hesabu zote za mwaka zalitegemea. Jambo hilo ni maji. Hatutasema juu ya uchache wake, kwa kuwa kila mama aliyepanga ndoo alfajiri alijua hilo bila kuhutubiwa. Twataka kusema juu ya karatasi zake. Twapendekeza kwamba Chama Kikuu, sasa kilipofikia umri huu, kiandike barua na kuomba kumbukumbu za vipimo vya maji tunywayo, na za maji taka yatokayo katika nyumba na masoko yetu.

Twajua kwamba pendekezo hili halikuwapendeza wote. Tulipolitaja katika Halmashauri, mzee wetu mmoja, aliyeanza kuvua tangu ujana wake, alituuliza swali linalostahili jibu la heshima. Alisema: "Wanangu, mkiomba karatasi hizo, nazo zikasema kwamba ufukwe wetu ni mchafu, ni nani atakayenunua dagaa wetu?" Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, maana mzee aliona mbali kuliko waliocheka. Karibu yote tutakayosema hapa ni kumjibu yeye.

Yafaa tuanze na mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba katika Jimbo la Ziwa, kule Usukuma na Ukerewe, walikuwa na manung'uniko ya siku nyingi. Mkulima alifika na mzigo wake penye kituo cha kununulia, mnunuzi akaupima kwa mizani yake mwenyewe, akasoma uzito kwa macho yake mwenyewe, na mkulima akapokea fedha za uzito alioambiwa. Hapakuwa na njia ya kubisha. Wakulima wale walifanya nini? Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakakaa vituoni, wakapima tena mzigo kabla haujauzwa. Katika kazi hiyo ndogo ya kupima mara ya pili, vyama vyao vilikua, na kufikia mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waliolijenga. Huenda wako wanunuzi waliokuwa waaminifu hata kabla ya wapimaji kufika. Lakini uaminifu usioweza kupimwa ulikuwa hauwasaidii wakulima, wala haukuwasaidia wanunuzi wenyewe, kwa sababu mwema na mwovu walisemwa kwa sauti moja.

Sisi nasi twaishi kwa desturi hiyo. Kila mwaka katika Mkutano Mkuu vitabu vya Chama hufunuliwa mbele yetu, mkaguzi husoma, na mwanachama wa mwisho kabisa aweza kusimama na kuuliza fedha za magunia zilikwenda wapi. Hakuna mtu amwambiaye, "Kaa chini, fedha zipo, usiwe na wasiwasi." Angeambiwa hivyo, sote tungesimama. Mbona basi juu ya maji tumezoea kuridhika na maneno hayo hayo? Mwaka jana wajumbe wetu watatu walikwenda katika ofisi moja, hatuitaji, wakauliza kama maji ya mtaa fulani yamepimwa. Walipokewa kwa adabu, wakapewa viti, wakaambiwa kwamba maji ni salama. Walipouliza yalipimwa lini, na wapi, na yalionekana kuwa na nini, waliambiwa tena kwamba maji ni salama. Wakarudi. Huenda ni kweli kabisa kwamba yalikuwa salama. Lakini neno "salama" si kipimo, kama vile neno "zito" lisivyo kilo.

Sasa tumrudie mzee wetu na dagaa wake. Hofu yake si ya bure, kwa kuwa jambo analoliogopa limekwisha kutokea katika ziwa lingine. Mwishoni mwa mwaka 1997, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Jumuiya ya Ulaya ilifunga milango yake kwa samaki wabichi wa nchi zetu, na samaki wa Ziwa Victoria wakakosa soko hilo hadi katikati ya mwaka 1998. Mwaka 1999 milango ikafungwa tena, mara hii kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu ya kuulia wadudu. Viwanda vilipunguza kazi, na bei ya sangara ufukweni ikaanguka. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yalisema wakati ule kwamba hatari ya kupata kipindupindu kwa samaki waliosafirishwa hivyo ni ndogo sana. Haikufaa kitu. Mnunuzi aliye mbali alitaka karatasi za maabara, na karatasi za kutosha hazikuwapo. Milango ilifunguliwa baada ya nchi zetu kuimarisha ukaguzi na maabara, hata zikaweza kuonyesha vipimo mwezi baada ya mwezi.

Kwa hiyo, Mzee, twasema hivi kwa heshima: walioumia kule hawakuumizwa na karatasi. Waliumizwa na uvumi, wakiwa hawana karatasi za kuujibu. Dagaa wetu na migebuka yetu huuzwa Tabora, Dodoma, Dar es Salaam, na ng'ambo ya ziwa. Siku mnunuzi atakapoambiwa barabarani kwamba maji ya Kigoma-Ujiji yana maradhi, tutamwonyesha nini?

Wala maradhi si hadithi kwetu. Mwezi wa Mei 2015, watu waliokimbia machafuko ya Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilicho kaskazini yetu, ufukweni, karibu na mpaka. Maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa, na vyoo havikuwatosha. Kipindupindu kikaingia. Watu walipakiwa katika MV Liemba na vyombo vingine, wakaletwa hapa mjini, wakapumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Katika muda wa majuma machache, zaidi ya watu 3,000 waliugua na zaidi ya 30 wakafariki dunia. Wengi wetu hapa tuliiona meli ile ikija na kurudi. Ziwa lililowapa wale maji ndilo litupalo sisi.

Na ziwa lenyewe, ndugu zetu, lina tabia ambayo yatupasa kuijua. Tumezoea kujisifu kwamba lina kina cha mita 1,470 na urefu wa kilomita 670 hivi, nasi tukadhani kwamba kitu kikubwa namna hiyo hakiwezi kuchafuka. Lakini maji yake ya chini hayachanganyiki sawasawa na ya juu, na tangu mita mia moja au mia mbili kwenda chini hayana hewa ambayo samaki aweza kuivuta. Maisha yote tuyategemeayo yamo katika tabaka ya juu. Tena, maji mengi yanayoliacha ziwa hili huondoka kwa mvuke. Mto Lukuga, upande wa Kongo, huchukua sehemu ndogo tu. Mvuke haubebi taka. Kinachoingia kwa mifereji yetu hukaa na sisi, na hukaa hasa karibu na ufukwe, mahali tunapooga, tunapofua, tunapoosha dagaa, na ambapo samaki wengi huzaliana.

Mji wetu ulikua kwa vyoo vya shimo na makaro, bila mtandao wa mabomba ya maji taka. Si aibu, miji mingi ya Afrika imekua hivyo. Lakini mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda likafunika fukwe na nyumba, na palipokuwa na choo pakawa ndani ya maji. Hapo ndipo mtu mwenye busara hutaka kujua: vipimo vya miezi ile vilisema nini? Vilichukuliwa mahali pengi kuliko kawaida, au vilichukuliwa pale pale pa siku zote?

Sasa tufike katika karatasi zenyewe, kwa kuwa anayeomba asichokijua hupewa asichokihitaji. Tukiandika, "Twaomba taarifa za maji," tutapewa kijitabu chenye picha. Hatuna budi kutaja kitu kwa jina lake.

Kwa maji ya bomba, kipimo cha kwanza ni cha bakteria wa kinyesi, hasa yule aitwaye E. coli. Kanuni ni rahisi hata mtoto aweza kuishika: katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata mmoja. Kiwango cha Tanzania chasema hivyo, na Shirika la Afya Duniani lasema hivyo. Si wachache, si wastani, ni sifuri. Kwa hiyo tukiletewa wastani wa mwaka mzima, tuurudishe kwa adabu na kuomba orodha. Wastani ni pazia. Sampuli tisini na tisa zaweza kuwa safi na moja ikawa chafu kupita kiasi, nayo hiyo moja ndiyo iliyonywewa na watoto wa mtaa mmoja.

Kipimo cha pili ni cha klorini iliyobaki katika maji yanapofika bombani. Hapa twaomba mtuvumilie kidogo, maana jambo hili latuhusu sisi watu wa Tanganyika kuliko watu wengine. Klorini huua vijidudu, lakini nguvu yake hutegemea kama maji ni ya uchachu au ya magadi. Wataalamu hupima hali hiyo kwa kipimo kiitwacho pH: saba ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni magadi. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba klorini isipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya kukaa na maji kwa dakika 30, na kwamba pH iwe chini ya 8. Na maji yanapofika kwa mtumiaji ibaki angalau miligramu 0.2. Lakini maji ya juu ya ziwa letu yana pH ya karibu 9. Katika maji ya namna hiyo klorini hufanya kazi polepole zaidi, nayo yahitaji muda mrefu zaidi au kiasi kikubwa zaidi. Mafundi wa maji walijua hilo tangu zamani, wala hatuwafundishi kazi yao. Twasema tu kwamba karatasi ionyeshayo klorini bila pH, katika mji huu, ni nusu ya habari. Barua yetu iombe vyote viwili vya siku moja, na kipimo cha tope pia, kwa kuwa vijidudu hujificha ndani ya tope, klorini isiwafikie. Wakati wa masika, mto Luiche na mifereji ya mji inapoteremsha udongo mwekundu ziwani, kipimo hicho cha tope ndicho cha kutazamwa kwanza.

Kwa maji taka, mambo ni machache lakini ni mazito. Kanuni za ubora wa maji zilizotolewa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zaweka kikomo kwa maji machafu yanayomwagwa katika mito na maziwa. Kimoja ni kipimo cha hewa ya oksijeni ambayo uchafu utaila kwa siku tano: isizidi miligramu 30 kwa lita. Maana yake ni kwamba uchafu nao hupumua. Ukiwa mwingi huimaliza hewa, na samaki wadogo hufa kwa kukosa pumzi. Basi tuombe vipimo hivyo kwa kila mahali penye kibali cha kumwaga maji machafu, pamoja na kibali chenyewe. Tena tuombe daftari la magari ya kunyonya maji taka: safari ngapi kwa mwezi, na yalimwaga wapi. Katika mji wa vyoo vya shimo, gari lile ndilo bomba letu la maji taka. Twaona ajabu kwamba watu hujua namba ya gari lile na jina la dereva, lakini hawajui laelekea wapi likishajaa.

Na kwa kila karatasi tutaomba mambo manne: tarehe, mahali sampuli ilipochukuliwa, maabara iliyopima, na kitu kilichofanywa pale kipimo kilipokosa kufaulu. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote, nasi tusilisahau hata likitupotezea ukurasa mmoja. Hakuna mji duniani ambao vipimo vyake vyote hufaulu. Mji mwema ni ule ambao daftari lake laonyesha: siku fulani sampuli ilikataliwa, kesho yake bomba lilisafishwa, keshokutwa ilipimwa tena. Daftari lisilo na kosa hata moja kwa miaka mitano lingetutia wasiwasi zaidi.

Twasema hivyo tukikumbuka habari za Flint, mji wa Michigan, Marekani. Mwezi wa Aprili 2014 mji ule ulibadili chanzo cha maji, na maji mapya yakala mabomba ya zamani, hata madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto, yakaingia katika vikombe vya watu. Wakazi walilalamika juu ya rangi na harufu, wakaambiwa kwamba maji ni salama. Twaona neno hilo lasafiri sana. Ndipo wananchi na wataalamu wakaomba kumbukumbu za ofisi kwa sheria ya nchi yao. Zilipofunuliwa, ilionekana kwamba katika hesabu ya mwaka 2015 sampuli mbili zilikuwa zimeondolewa. Pasipo hizo mbili, mji ulikuwa chini ya kikomo. Pamoja nazo, ulikuwa juu. Mbili tu. Asingeomba mtu orodha yenyewe, asingejua mtu kamwe. Nchi ile ni tajiri, ina maabara nyingi kuliko zetu, na bado ilikuwa lazima raia aombe.

Je, sisi tunayo sheria ya kuombea? Tunayo. Katiba ya nchi yetu, katika Ibara ya 18, yampa kila mtu haki ya kutafuta na kupata habari, na ya kupewa taarifa za mambo yaliyo muhimu kwa maisha ya wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yazungumzia uhuru wa kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa ofisi za umma. Juu ya hizo ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016. Sheria hiyo yaitaka ofisi kuwa na afisa wa taarifa, yataka ombi liandikwe, na yaipa ofisi siku zisizozidi 30 za kujibu. Asiyeweza kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa ndiye atakayeliandika ombi lake. Ofisi ikikataa, mwombaji aweza kumwendea mkuu wa taasisi ili uamuzi utazamwe upya, na baada ya hapo kukata rufaa. Yaweza kutozwa gharama ya nakala, nayo tusiinung'unikie.

Liko jambo moja la kuangaliwa. Sheria ile ilipompa haki "mtu," ilieleza kwamba mtu ni raia wa Jamhuri ya Muungano. Ofisi yenye kutafuta sababu yaweza kusema kwamba Chama Kikuu si raia. Kwa hiyo barua yetu itiwe muhuri wa Chama, lakini chini yake watie sahihi wanachama kwa majina yao, kama raia. Ni jambo dogo, lakini mlango mkubwa hufungwa kwa komeo dogo.

Na milango iko mingi, watu wengi hukosea. Maji ya bomba si kazi ya Manispaa. Ni kazi ya Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Kigoma, ambayo husimamiwa na EWURA. Vibali vya kumwaga maji machafu katika mito na ziwa hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo ofisi yake imo humu humu Kigoma. Manispaa ya Kigoma-Ujiji ndiyo yenye maafisa afya, masoko, machinjio na usafi wa mitaa. Barua moja ikipelekwa kwa wote itajibiwa na mmoja kwamba "jambo hili si letu." Basi ziwe barua tatu, kila moja na maombi yake.

Sasa hofu ya pili, ambayo haikusemwa kwa sauti katika Halmashauri lakini tuliisikia nje baada ya kikao: kwamba kuomba karatasi ni kugombana na Serikali. Ndugu zetu, mji huu hasa usiseme hivyo. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilichaguliwa kuwa mmoja wa miji na majimbo 15 ya dunia nzima ya kujaribu Mpango wa Uendeshaji Shughuli za Serikali kwa Uwazi katika ngazi ya chini. Jina la Kigoma liliandikwa pamoja na Paris, Madrid, Seoul, na Elgeyo Marakwet ya majirani zetu wa Kenya. Nchi yetu, iliyoingia katika mpango huo mwaka 2011, ilijitoa mwaka 2017, na safari ile ikakatika kabla haijafika mbali. Hatukuja hapa kuhukumu uamuzi huo. Twakumbusha tu kwamba sheria ya 2016 haikujitoa pamoja na mpango. Ilibaki katika vitabu, nayo ni sheria ya Bunge letu wenyewe. Mtu anayetumia sheria ya Serikali hagombani na Serikali.

Tena Serikali yenyewe imetutaka mara nyingi tuamini hesabu za wataalamu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa kuwa samaki walikuwa wamepungua. Miezi mitatu tulianika nyavu. Wanachama wetu walikopa unga. Wengine walikwenda kulima vibarua. Mama wachuuzi walikaa na mabeseni matupu. Tulitii, tena tulijivunia kutii, kwa sababu tuliambiwa samaki wamehesabiwa. Watu waliokubali njaa kwa ajili ya hesabu ya samaki wanastahili kuonyeshwa hesabu ya maji.

Nasi pia tuna wajibu. Sheria yakataza kupotosha taarifa tutakayopewa, na hata isingekataza ingekuwa fedheha. Tukipata karatasi, zisisomwe kwanza penye kijiwe cha kahawa. Zisomwe katika Halmashauri, mbele ya mtu anayejua vipimo. Twaweza kumwomba mtaalamu kutoka maabara ya maji au kituo cha utafiti wa uvuvi kilichopo mjini. Kisha zibandikwe katika ubao wa kila chama cha msingi, kwa Kiswahili, zote, nzuri na mbaya, bila kuongeza chumvi.

Na zikiwa mbaya, Mzee? Hatutaficha kwamba huenda zikawa. Huenda tukaonyeshwa kwamba mahali fulani tunapooshea dagaa hapafai hata kidogo. Katika hali hiyo twapendekeza kwamba siku ile ile kazi ya kuosha ihamishiwe penye maji safi, na gharama ya bomba au tangi itolewe katika mfuko wa akiba, ambao Bwana Mweka Hazina ametuambia asubuhi hii kwamba una nafuu. Twajua baadhi yenu mlitarajia fedha hizo zigawanywe. Kwa mwaka mmoja au miwili huenda bei ikashuka kidogo. Hatuwezi kuahidi kwamba haitashuka. Twachoweza kuahidi ni kwamba mnunuzi atakayekuja baadaye ataonyeshwa karatasi yenye tarehe, na kwamba watoto wetu hawatakuwa ndio kipimo.

Bwana Mwenyekiti, rasimu za barua tatu ziko mezani kwa Bwana Katibu. Kila moja yaomba kumbukumbu za miaka mitano iliyopita, tangu masika ya kwanza hadi ya mwisho. Twahitaji raia saba wa kutia sahihi, na twaomba wasipungue watatu walio akina mama, kwa kuwa wao ndio wayatekao maji hayo. Nafasi ya kwanza katika kila barua tumeiacha tupu makusudi, kwa ajili ya mzee wetu mvuvi, akikubali. Watakaotia sahihi wapite kwa Bwana Katibu kabla ya chakula, wakiwa na vitambulisho vyao. Barua zitapelekwa kwa mkono Jumatatu asubuhi, na siku 30 zitahesabiwa tangu hapo.